Bakuli la Bushara

Tulikuwa tumeshauacha mji wa Rahad nyuma, magunia ya karkade, yale maua mekundu ya kinywaji, yamejaa lorini, sisi abiria tumekaa juu yake, ndipo rejeta ikaanza kuchemka.

Nikagonga paa. "Usta! Lori linaungua!"

"Tulia huko juu, mzee!" dereva Jarnabi akafoka. "Hapa sisimami!"

Lori halikumsikiliza. Likazimika lenyewe kwenye shamba la Haja Kaltuma.

Nilimjua mama huyo. Mumewe, Bushara, aligongwa na lori palepale msimu uliopita, akafa. Dereva akatimua mbio, na hakuna aliyemjua.

Haja akatoka akipapasa njia, macho yana ukungu, vidole vyekundu kwa kuchambua maua.

"Karibuni wanangu. Kwangu mtu hapiti na kiu."

Akaleta mtungi wa karkade aliyoiloweka tangu asubuhi. Sisi akatumiminia kwenye vikombe vya bati. Nyekundu, chachu, baridi. Mimi nikaipiga yote kwa mkupuo.

Dereva ndiye mkubwa wa safari, kwa hiyo akapewa bakuli la mti, la heshima. Kulikataa ni tusi.

Haja akamimina kutoka kwenye mtungi uleule.

Jamani!

Karkade ikageuka rangi tunaiona. Ikawa zambarau. Kisha bluu nzito, kama wino.



Sumu! Nikajua nimekwisha, na kikombe changu kitupu!

"Kunywa, mwanangu," Haja akasema.

Jarnabi alitetemeka hadi meno yakagongana.

"Anajua," akanong'ona. "Huyu mama anajua."

"Anajua nini, we usta?" nikamuuliza.

Akapiga magoti mchangani. "Haja, usiniue! Sikumwona mumeo! Jua lilinipiga machoni! Niliogopa kusimama!"



"Kumbe ni wewe," Haja akasema, polepole.

Akalichukua bakuli. Akachovya kidole, akaonja. Mimi nilifumba macho.

"Magadi ndiyo yameigeuza rangi," akasema. "Ya kupikia mlenda. Hili lilikuwa bakuli la Bushara la wageni. Tangu afe halina kazi, nikawa naweka magadi. Leo nimelipangusa kwa kitambaa tu, na macho yenyewe ndiyo haya."



"Mimi nilikuwa sijui kitu, mwanangu. Nilikuona mgeni."

Kumbe sumu niliyoiogopa haikuwapo. Ilikuwa woga mtupu.

Jarnabi hakukimbia. Tulimpeleka Rahad kwa lori lililofuata, akafungwa. Alipotoka hakushika usukani tena, nasikia anauza mkaa. Haja Kaltuma alilima misimu michache, akafa kwa homa, na shamba sasa ni la mbuzi. Bakuli alinipa mimi. Nimelisugua mara nyingi, na bado karkade ikikaa humo inaingia uzambarau kidogo. Nainywa hivyohivyo.

Nawe ukiona kinywaji kimegeuka rangi, usimkodolee macho aliyemimina peke yake. Mtazame na anayetetemeka.