Salamu Nilizompelekea Mama

Kanisani kwetu, huku juu Mbooni, ibada haimalizwi na baraka ya mwisho. Inamalizikia nje. Wa kwanza kutoka husimama kando ya ukuta, wa pili humpa mkono na kusimama karibu naye, wa tatu huwapa wote wawili, hadi mstari unazunguka uwanja na kila mtu ameshika mkono wa kila mtu. Anayeukwepa mstari huulizwa wiki nzima ana neno gani na nani.

Julai ya mwaka jana ukungu ulikaa mabondeni hadi saa sita, na kikohozi kilikuwa kimeanza kanisani. Nilikisikia nikiwa nimeketi: kikavu, kifupi, kwanza upande wa kwaya, kisha upande wa wazee. Watu walisema ni mafua ya baridi tu. Mimi nilikuwa nimesoma kiasi cha kutilia shaka. Mafua huja polepole, yakianzia puani. Homa ya influenza humwangusha mtu ghafla: asubuhi analima, jioni hawezi kuinua kichwa, na viungo vinamuuma kama aliyepigwa. Kwa kijana mwenye afya, mara nyingi ni wiki moja ya kitanda. Mama yangu alikuwa na miaka sabini na minane, na kifua kilichochoshwa na moshi wa kuni.

Kwa hiyo nilimzuia asiende kanisani.

"Umenifunga kama mbuzi wa kupelekwa sokoni," aliniambia.

Niliweka mtungi wa maji wenye bomba mlangoni, na sabuni kando yake. Kila aliyeingia alinawa. Jumapili nilikwenda kanisani mimi, kwa niaba yake.

Kwetu, aliyebaki nyumbani hasahauliwi kwenye mstari. Kila mtu aliyenipa mkono aliurudia mara ya pili: "Huu ni wako. Na huu wa mama, umfikishie." Si maneno tu. Mkono hupelekwa kweli.

Nilipofika nyumbani nilinawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Kisha nikaketi kitandani pa mama, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu alikuwa anasikia baridi, nikamfikishia mmoja baada ya mwingine.

"Huu ni wa mwenye duka."

"Amekushika vipi?"

"Kwa nguvu."

"Anashika kwa nguvu ili tusahau anavyokoroma kwenye mahubiri. Mwingine."

"Wa mke wa mchungaji."

"Huyo hushika kwa vidole viwili, kama anayetoa nyama kwenye sufuria ya moto."

Tulicheka hivyo kwa muda wa nusu saa, nyuso zetu zikiwa karibu. Kooni nilikuwa na mwasho tangu alfajiri. Siku iliyotangulia nilikuwa nimepukuchua mahindi, nikauita vumbi. Nilikuwa nimesoma kwamba mtu anaweza kuanza kuambukiza siku moja kabla ya kujijua ni mgonjwa. Nililisoma jambo hilo kama linalohusu watu wengine.

Jioni hiyo nikaanguka. Nilihamia chumba cha nje, nikavaa barakoa, nikampigia dada yangu mkubwa simu aje kutoka Kibwezi kumwangalia mama. Jumanne mama naye akaanza kutetemeka.

Kibwezi ni nchi ya joto, na huko mtu akichemka mwili ugonjwa una jina moja. "Hii ni malaria," dada alisema hata kabla ya kuketi, na dawa zilikuwa tayari mkobani mwake. Nilimsihi angoje kipimo. Muuguzi wa zahanati alipanda hadi nyumbani, akamtoboa mama kidole. Hakukuwa na malaria. Alisema ipo dawa ya virusi hivi, inayofaa zaidi ikianzwa ndani ya siku mbili za kwanza, lakini zahanati haikuwa nayo. Alituachia paracetamol na kutuagiza tumnyweshe maji na uji kila mara.

Dada akataka kutuma dukani vidonge vile vya rangi mbili. Nikiwa nimesimama nje ya dirisha, nilimwambia vidonge hivyo vinaua bakteria, si virusi.

"Wewe na vitabu vyako," alisema. "Mlango mzima umejaa sabuni. Sasa vitabu vinasema ugonjwa umepitia wapi?"



Siku ya tano mama alipata nafuu. Aliomba muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kisha akamgombeza dada kwa kutia chumvi nyingi. Dada akaanza kukunja nguo zake arudi Kibwezi. Mimi sikufurahi. Nafuu ya aina hiyo nilikuwa nimeisoma: virusi vikishakichosha kifua, nimonia huingia nyuma yake. Nikangoja.

Siku ya saba, saa nne asubuhi, joto lilirudi. Nilitazama saa ya mkononi na kuhesabu kifua chake kikipanda: mara thelathini na sita kwa dakika. Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu.

"Amelala, mwache apumzike," dada alinong'ona.

"Hajalala. Anapigania pumzi."

Mama akafumbua macho, akaniita kwa jina la baba, ambaye tulimzika zamani, akaniuliza kama nimewafunga ng'ombe. Dada hakubishana tena.

Gari halifiki kwetu. Tulimpakia kwenye pikipiki kati ya dereva na mimi, nikamfunga kwangu kwa leso mbili. Kwenye mteremko wa mawe dereva aliuliza bila kugeuka, "Mzee, mama yuko?"

"Yuko. Twende."

Aliuliza hivyo mara tatu kabla ya lami.

Hospitalini walimwekea oksijeni, na dawa ya nimonia ikaingia kwa mshipa. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya chini, aliuliza nani aliugua kwanza nyumbani.

"Ni baridi ya Mbooni, daktari, iliwapiga wote," dada alisema.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyemletea."

"Aliwahi kupata chanjo ya influenza? Hutolewa kila mwaka."

"Hapana."

"Mlijua ipo?"

"Nilijua. Sikuwahi kuuliza inapatikana wapi."

Aliandika hilo pia.

Mama alirudi nyumbani baada ya siku kumi na moja. Kutoka kitandani hadi jikoni hupumzika mara mbili. Daktari alituambia wazi kwamba kifua hicho hakitastahimili ugonjwa kama huo tena. Mwezi wa nne mwaka huu niliulizia chanjo katika zahanati tatu. Katika kliniki moja mjini waliandika namba yangu, wakasema watanipigia ikifika.

Sasa ni Juni. Simu haijalia, na asubuhi ya leo mama ameomba blanketi la pili.