Muwa Uliopanda Boda Mpaka Manyatta

Shida yangu ilianza mwaka wa 2009, nikiwa na miaka arobaini na sita. Mume alikufa, akaacha wake wawili, watoto, na shamba la miwa nje ya Kisumu. Mimi ndiye mke mdogo. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo naandika vile ninavyosema. Asiyependa afunge kitabu.

Kazi ya boma letu ilikuwa kupika sukari nguru. Unakamua miwa, unachemsha maji yake kwenye karai pana mpaka yawe mazito, unamwaga kwenye vibao vilivyochongwa mashimo, yanaganda. Karai lilikuwa la mke mkubwa. Mimi nilikuwa wa kubeba makapi na kuchochea moto. Baada ya matanga tukakosana.

"Nyieka, sukari huiwezi," aliniambia. Nyieka ndivyo sisi Waluo tunavyomwita mke mwenza. "Utapika matope."

Nikamjibu vile nilivyomjibu, akafunga nguo zake akaenda kukaa kwa binti yake, mtaa wa Manyatta, huko mjini.

Sasa miwa haijui kama watu wamekosana. Ilikomaa, ikaanza kutoa maua. Miwa ikishatoa maua, utamu unarudi nyuma, na ukichelewa utakamua maji matupu. Watoto wangu hawakuwa na kitu kingine cha kutegemea. Nikaita vijana wa kukata. Walifika na mapanga yao, wakasimama tu.

"Mama, mkubwa wako ameshakata wa kwanza?"

"Mkubwa wangu yuko Manyatta anakunywa chai."

"Basi na sisi tupikie chai. Hatutaki mikosi ya boma la watu."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mke mkubwa ndiye anaanza kupanda, na ndiye anaanza kuvuna. Mdogo akimtangulia, ameita balaa. Mchungaji aliniambia nianze tu, Mungu hahesabu nani mke wa kwanza. Nikamwambia sawa, shika panga ukate wewe. Akakumbuka ana maombi Kibuye.

Nikampigia nyieka simu. Akasema miguu imevimba, hawezi safari. Nikawaza. Muwa uliokatwa siwezi kumpelekea, maana mkono uliokata utakuwa wangu. Nikachukua jembe, nikachimbua muwa mmoja na mizizi yake na udongo wake. Nikaita boda.

"Mama, huu tunaenda kuupanda wapi?" kijana wa boda akauliza.

"Wewe endesha."

Nyieka nilimkuta mlangoni kwa binti yake, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Akaniangalia, akauangalia muwa, udongo unadondoka kwenye sakafu iliyopigwa deki.

"Umeniletea shamba mpaka hapa?"

"Si wewe umekataa kulifuata?"

Alicheka mpaka maji ya beseni yakamwagika. Akaitisha kisu, akaukata muwa hapo hapo, akamenya, akatafuna polepole akifumba jicho moja.

"Imebaki kidogo iharibike. Nani atapika?"

"Mimi."

"Wewe!" Akatoa miguu majini. "Mwambie huyo wa boda asiondoke."

Tulipanda sote wawili nyuma ya kijana, nyieka akinilaumu njia yote kwamba namsukuma. Vijana walipoambiwa amekata, wakaingia shambani. Yeye nilimwekea kiti kando ya karai, upawa nikashika mimi.

"Toa povu. Na hapo. Na pale pia, ama macho uliyaacha Manyatta?"

Nikadondosha tone la sukari kwenye maji baridi nione kama imeiva, likafanya donge laini. Mimi nikataka kungoja kidogo.

"Toa moto! Toa sasa, inaungua!"

Nikavuta nje makapi yanayowaka, jasho likiniingia machoni. Tukamwaga kwenye vibao. Ikaganda vizuri, rangi ya asali nzito. Nyieka akavunja kipande, akakinyonya kwa muda mrefu.

"Si matope," akasema.

Mwanamke huyu sijawahi kumsikia akisifu kitu zaidi ya hapo. Manyatta hakurudi tena, isipokuwa kusalimia wajukuu.

Leo nina ekari mbili za miwa. Mashine ya kukamua, ya dizeli. Makarai matatu. Ng'ombe wanne. Meza ya kuuzia sukari Kibuye. Nyumba ya kupangisha Migosi. Kiti kilicho kando ya karai si changu. Mwenyewe amekikalia hata sasa ninapoandika, anasema moto wangu umezidi.