Mzee Soksi Alikuwa Anangoja

Jumapili iliyopita nilirudi katika kanisa letu la Mururu, nikakuta watoto wanaimba huku wakitazama maneno yakipita ukutani, kwenye skrini. Sauti ilijaa mpaka nje, kwenye migomba. Mimi nilikuwa natafuta kitenge.

Enzi zetu, rafiki yangu, kitenge cha bibi yangu kilifungwa kona mbili mbele ya madhabahu, na juu yake akatokea Mzee Soksi. Alikuwa soksi kuukuu ya mwalimu wa watoto, aliyoivaa mkononi, macho ya vifungo, nywele za nyuzi za mgomba. Chini ya kitenge viatu vya mwalimu vilionekana wazi, na kopo la maharage alilotikisa kwa mkono wa pili nililijua. Bado niliamini kabisa kwamba Mzee Soksi ndiye anayeimba.

Wakati huo tulikuwa tumetoka Bukavu, ng’ambo ya mpaka, karibuni, na wenzangu walikicheka Kinyarwanda changu. Basi nikafunga mdomo. Wimbo ukianza nilitazama miguu yangu. Nyumbani bibi alinisonya huku akichambua maharage: “Mudomo haiko ya kula tu, mutoto wangu.” Niliogopa kwamba sitaimba tena maishani.

Siku moja Mzee Soksi akageuka kunitazama mimi, akaniita mbele. Nilianza mstari wa kwanza, nikakwama, na kicheko kikaanza nyuma. Kopo likanyamaza. Mzee Soksi akabaki mdomo wazi, hasogei, akasema kwa Kiswahili cha kwetu:

“Miye pia nilitokaka ngambo. Banachekaka namna yangu ya kusema. Weye imba pole pole, niko nakungoja.”

Kanisa zima likangoja pamoja naye, hata wazee wa kanisa. Sijawahi kuona ajabu kama ile: watu wazima wametulia kwa ajili ya soksi na mtoto. Nikaimba. Kopo likanifuata, neno kwa neno, mpaka mwisho.

Jumapili iliyofuata nilimletea shukrani, visamaki vya ziwani tunavyoviita sambaza, vya kukaanga, ndani ya jani la mgomba, kwa sababu kwetu huwezi kumshukuru mtu mikono mitupu. Nikamtia samaki mdomoni wimbo ukiendelea. Hakuacha kuimba, ila kwa wiki kadhaa Mzee Soksi alinuka ziwa, na paka wa jirani alianza kuhudhuria ibada.

Mwalimu tumeshamzika, bibi pia. Soksi ililiwa na panya, naambiwa. Jumapili ile ya skrini, katika mstari wa nyuma, kulikuwa na binti mdogo ambaye alikwama katikati ya wimbo. Maneno yakaendelea kupita ukutani. Nikainuka, nikaenda kukaa karibu naye, nikamwambia kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili cha kwetu, ambako hata binti mdogo huitwa maman: “Imba pole pole, maman. Niko nakungoja.”