Ushanga Kwenye Mshipi

Mume wangu ni seremala, na siku sita za juma ni mtu mwenye akili zake timamu. Jumapili anafunga karakana, anapakia kopo lake la mshipi kwenye baiskeli na kwenda bwawa la Igombe na rafiki yake, mzee mmoja mstaafu wa reli. Wanarudi alasiri na perege wawili wasiozidi kiganja, pamoja na maelezo marefu: mara upepo, mara maji yamechafuka, mara kuna mtu aliwapita njiani bila salamu.

Mimi ni fundi cherehani. Nilichoka na maelezo, nikaamua kufuatana nao nikaone mwenyewe. Siku ya kwanza tu nikauona ubaya ulipo. Ilikuwa Oktoba, jua la Tabora lile la kupasua midomo, na maji ya ukingoni yalikuwa ya moto kama ya kuogea mzazi. Samaki mwenye akili alikuwa ameshuka chini kwenye baridi. Wale wanaume wawili walikuwa wamefunga maboya yao hatua moja tu juu ya ndoano, kwa hiyo chambo kilining'inia huko huko kwenye maji ya moto.

"Baba watoto," nikamwambia, "sogeza boya juu, chambo kishuke."

Akalisogeza, ili tu aninyamazishe. Mshipi mrefu ukabaki unaning'inia chini ya boya. Alipouzungusha kuurusha, ndoano ikapita nyuma na kumvua kofia.

"Umeona?" akasema, akiitoa kofia kwenye kichaka. "Mambo ya uvuvi yaache."

Sikuyaacha. Juma lile nikaona kwenye simu video ya bwana mmoja anayezungumza lugha nisiyoijua. Lakini mikono yake niliielewa. Boya lake lilikuwa na tundu katikati, na mshipi unapita ndani yake ukiteleza. Wakati wa kurusha, boya linashuka mpaka karibu na ndoano, kila kitu kinakuwa kifupi. Likishatua majini, kipande cha risasi kinauvuta mshipi chini kupitia tunduni, mpaka fundo dogo lililofungwa juu linapokwama kwenye boya. Unachagua kina kwa kusogeza fundo. Nilirudia ile video mpaka chaji ikaisha.

Nikaenda mjini kwa mzee mmoja wa Kihindi ambaye duka lake lina kila kitu, ila yeye tu ndiye anayejua kilipo.

"Shikamoo mzee. Una maboya yenye tundu?"

"Marahaba mama. Ninayo boksi zima, lakini ni mabovu. Yametobolewa yote. Wateja wanayarudisha, wanasema yataingia maji."

Nikamwomba beseni la maji na vipande vya risasi. Tukayajaribu pale pale juu ya kaunta, yeye akiwa amekunja mikono ya kanzu. La kwanza, nene kama yai, lilikataa kuzama hata kwa risasi tatu. Samaki angelivuta kidogo, angeshtuka na kutema. La pili, jembamba mno, likazama na risasi moja. La tatu, refu kama kidole cha shahada, likasimama wima huku nusu yake ikichungulia juu ya maji. Nikaligusa kwa ncha ya ukucha, likazama na kuibuka.

"Kumbe hayakuwa mabovu," mzee akasema, akalirudisha boksi chini ya kaunta kwa heshima.

Nyumbani nikafunga fundo kwa uzi wangu wa cherehani. Likapita tunduni kama halikuwepo. Nikafunga nene zaidi, likawa linakwaruza mshipi. Palihitajika kitu kidogo cha mviringo, chenye tundu jembamba, kikae kati ya fundo na boya. Nikajaribu kifungo cha shati, kikalala upande. Nikakaa nikifikiri, mkono kiunoni, na hapo hapo kiunoni vidole vyangu vikakigusa nilichokuwa nakitafuta.

Nikafunga mlango, nikakata uzi, nikatoa ushanga mmoja mwekundu. Ukakaa kana kwamba umefinyangwa kwa kazi hiyo.

Jumapili nikarusha. Boya likatua na kulala ubavu.

"Shemeji, boya lako limelewa," akasema mstaafu wa reli.

Mshipi ulikuwa bado unateleza chini, pole pole, kisha boya likainuka na kusimama wima. Halikukaa. Likatikisika mara mbili, likaondoka. Nikavuta, na perege aliyekuja alijaa sahani. Wa pili akafuata, kisha wa tatu. Wenzangu walikuwa bado wanalisha dagaa.

Mstaafu akashindwa kuvumilia. Akaja, akainama, akaushika mshipi wangu na kuukagua kama anayekagua tiketi.

"Na hiki chekundu ni nini?"

"Ushanga."

Mume wangu aliyekuwa anakuja kuangalia akasimama ghafla. Akautazama. Akanitazama. Akautazama tena, na shingo yake yote ikabadilika rangi.

"Umeupata wapi, shemeji? Dukani?"

"Nyumbani. Wa namna hii hasa, sidhani kama dukani utaupata."

"Ndugu yangu," mstaafu akamgeukia mume wangu, kwa nia safi kabisa, "wewe umewahi kuuona?"

"Uvuvi gani huu wa maswali!" mume wangu akafoka, akaenda kukaa mbali.

Jumanne asubuhi mke wa mstaafu akaingia kwangu bila hata kubisha hodi vizuri. Akafungua kiganja. Shanga za bluu, kamba nzima.

"Nimezikuta mfukoni kwenye koti lake. Miaka yote hii hajaninunulia hata leso. Ni za nani?"

Ningeweza kumtuliza papo hapo. Lakini nikauliza kwanza, "Mfuko wa ndani au wa nje?" Akaanza kulia, nikaona aibu, nikaleta ndoo ya maji na boya langu nikamwonyesha kila kitu. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni kati ya vitambaa. Kisha akajifuta machozi, na macho yake yakawa ya mtu mwingine.

"Usimwambie kitu, shoga," akasema. Akazivaa zote, akabakiza ushanga mmoja, akaenda kuurudisha mfukoni.

Jumapili iliyofuata mstaafu alikuwa mnyonge. Akaninong'oneza, "Shemeji, mke wangu hasemi kitu, lakini akipita nasikia kitu kinalia." Alikuwa na mawazo mengi hata hakuona boya lake jipya la tundu limetoweka, mpaka mume wangu alipompigia kelele. Akavuta kambare mrefu kama mkono.

Tukampitisha kwake. Mkewe akasimama mlangoni. "Umemvua kwa kutumia nini?"

Maskini mzee yule akakiri yote, kambare akidondosha maji juu ya viatu vyake: sokoni, koti, ushanga. Mkewe akamsikiliza kwa uso mkavu.

"Nami nilidhani umeninunulia mimi," akasema.

Mstaafu akanitazama, akamtazama mume wangu, ambaye alikuwa ghafla na shughuli kubwa ya kukagua mnyororo wa baiskeli.

"Ndiyo," akasema hatimaye. "Nilikununulia wewe."

"Ahsante, baba." Akampokea kambare, akaingia ndani, shanga zikilia kiunoni kila hatua. Mimi na mume wangu tulijikaza tusicheke mpaka tulipokata kona.