Damu ya Mwaka Sifuri Sifuri

Vasundhara na Chalapathi walichukiana tangu siku ya kwanza, na mimi meza yangu ilikuwa katikati yao. Ilikuwa mwaka 1999, kwenye benki ya damu hapa Hyderabad. Chalapathi, naibu mkurugenzi, ndiye aliyeiandika programu ya kompyuta zetu enzi za ujana wake. Vasundhara aliajiriwa kuikagua, maana ilihifadhi mwaka kwa tarakimu mbili tu za mwisho.

Desemba ilipoingia, Vasundhara aliandikisha kwenye kompyuta mfuko wa damu iliyotolewa asubuhi ile, ya kutumika hadi Januari. Kompyuta ikasoma mwaka 00 kama 1900, ikaamuru: damu imeharibika, itupwe.

Chalapathi alitazama kioo cha kompyuta, shingo imemvimba. "Umeiharibu mwenyewe. Wakati naiandika hii, wewe ulikuwa bado unaruka kamba."

"Ikiachwa hivi, wagonjwa watakufa na majokofu yamejaa damu nzima."

"Nani kakutuma uje kunivua nguo?"

"Sina haja ya kukuona uchi, bwana. Nipishe nifanye kazi."

Chalapathi alimnyima ufunguo wa chumba cha mitambo. Vasundhara akampelekea mkurugenzi mfuko uleule, jaribio likarudiwa mbele yake, akaruhusiwa. Akarekebisha programu yote huku Chalapathi akipita nyuma ya kiti chake na kumwita mchawi wa tarehe. Ofisi nzima ikajifunza kula mbali na Vasundhara.

Januari ikaingia, damu ikaendelea kutolewa kwa wagonjwa kama kawaida. Kikaoni Chalapathi akaegemea kiti. "Mmeona? Hakuna kilichotokea. Huyu mama katutisha ili apate mkate wake."

"Basi rudisha programu yako ya zamani," Vasundhara akasema. "Sasa hivi, sote tunaona."

Chalapathi akapangusa miwani yake. "Sichezi na damu za watu."

"Hata mimi sikucheza."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajikoholesha haraka. Kicheko kile ndicho kilichommaliza Vasundhara. Chalapathi hakukisahau; mwezi haukuisha, mkataba wa Vasundhara ukavunjwa, na mkurugenzi hakunyanyua uso alipokuwa akitia sahihi.

Akaenda kufundisha kompyuta mtaa wa Ameerpet, akazeekea huko, mkali, wanafunzi wakimwogopa. Harusini kwa mpwa wangu, Chalapathi, kishastaafu, alimwendea Vasundhara na sahani ya vitamutamu vya ladu. "Binti yangu, yale yalishapita."

"Yalipita kwako," akamjibu, akabeba biriani yake, akahamia meza nyingine.