Damu yangu ilikataliwa, mama mkwe akawa mkaguzi wa nepi wodini

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na jirani.

Mimi ni mchimbaji mdogo wa dhahabu, Kharumwa huku. Mke wangu Neema alijifungua kabla ya wakati. Katoto kadogo, kangeenea kwenye helmeti yangu ya duarani, kule shimoni tunakochimba.

Tukiwa bado wodini tumbo la mtoto likavimba kama ngoma, choo kikaja na damu. Daktari akasema utumbo unaharibika: maziwa yasimame, apewe dawa za mshipa, aongezewe na damu.

Nikakunja shati. "Dokta, toa hapa, ingiza pale!"

"Hapana baba, inapimwa kwanza."

Ikapimwa. Grupu langu na la mtoto hayaendani!

Mama mkwe, aliyekuja kumuuguza binti yake, akageuza shingo taratibu. Akaniangalia mimi, akamwangalia Neema.

"Mayu, usianze," Neema akamwambia mama yake.

Dokta akacheka, akaeleza kuwa mtoto anaweza kufuata grupu la mama. Amani ikarudi.

Ikaletwa damu iliyopimwa na kuoana na yake, ikaanza kuingia polepole. Nesi akasema tuangalie nepi, rangi ikibadilika tumwite. Mama mkwe akajiteua mkaguzi mkuu. Kila nepi anaipeleka dirishani, anaikazia macho kama mnunuzi wa dhahabu.

Akafungua moja, akapiga yowe: "Ng'wana wane, mwanangu! Mkojo kama chai ya rangi!"

Utani ukaishia hapo. Nesi akafunga mpira wa damu palepale, dokta akaja mbio.

Akatueleza: utumbo ukiugua vile, bakteria wanaweza kuzichubua chembe za damu za mtoto, halafu yale maji ya damu ya mtu mzima aliyejitolea yakazishambulia. Hata grupu likiwa sahihi. Zikaagizwa chembe zilizooshwa, maji yake yameondolewa.

Kusubiri kule, wakuu, acheni tu. Neema kashika kidole cha mtoto, mimi macho mlangoni.

Zilipoingia, mkojo ukasafika. Mama mkwe akaitangazia wodi nzima, wagonjwa wakapiga makofi. Tumbo likanywea, maziwa yakarudi tone kwa tone. Leo anatambaa na kung'ata kila kitu, hadi sikio langu.

Nilichojifunza: usilazimishe damu ya ndugu iingie bila vipimo. Na damu ikiwa inaingia, ukiona mkojo umebadilika, piga kelele, aibu weka pembeni.

Mliouguza vichanga, hebu semeni yenu. Madaktari mliomo humu, nirekebisheni taratibu, mwenzenu nimesomea sururu.