Mkono Nilioinua Mabanga

Enzi zetu, ndege ikipita juu ya Kitale, darasa zima lilikimbilia dirishani, na mwalimu naye nyuma yetu akijifanya anatufukuza. Tulipunga mikono mpaka ipotee upande wa Mlima Elgon, kisha tukarudi kwenye hesabu za mgawanyo na shingo zinazouma. Watoto wa leo ndege ikipita hawainui hata kope. Wana simu, na ndani ya simu mna ndege chungu nzima.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka. Asubuhi za baridi, umande ukitulowesha mpaka magotini, viatu vimefungwa kamba na kuning'inizwa shingoni ili visichafuke kabla ya paredi. Maziwa ya shule katika pakiti zenye pembe, tulizotoboa kwa meno. Githeri ya jana, mahindi kwa maharagwe, iliyokaangwa kwa kitunguu kimoja ikanukia mpaka kwa jirani. Jioni tulicheza kati, tukikwepa mpira wa karatasi za nailoni, tukaruka bladda, ile kamba ya mpira, mpaka mama mmoja aite, na akiita mmoja basi wote wameita. Msimu wa kuvuna mji mzima ulinuka mahindi, malori yalinuka mahindi, hata kanisani nguo zetu zilinuka mahindi.

Lakini mimi na dada yangu Wanja tulikuwa na kitu ambacho wenzetu hawakuwa nacho. Sisi tulikuwa na ndege.

Babu yetu alihama kutoka Nyeri kuja kulima Trans-Nzoia, ila Baba jembe lilimshinda mapema. Mikono yake ilipenda nyaya. Alikuwa fundi wa redio, na kibanda chake kilikuwa karibu na soko la Kitale. Mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Endebess, alipokuwa akihama, alimwachia Baba sanduku la mbao kama shukrani ya kazi ya miaka mingi. Ndani mlikuwa na ndege ya kurushwa kwa rimoti, imevunjika mabawa yote mawili. Injini yake, ndogo kama ngumi yangu, ilikuwa nzima. Rimoti ilikuwa na antena ndefu kuliko fimbo ya Mwalimu Mkuu. Na kulikuwa na makopo matatu ya mafuta yake maalum, yaliyonuka mbarika. Baba aliuliza kila mahali, mpaka Nairobi, akaambiwa mafuta hayo hayapatikani. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza tulijua: makopo matatu yakiisha, mambo yameisha.

Mabawa mapya aliyatengeneza Anko Wekesa. Hakuwa ndugu yetu wa damu. Alikuwa seremala wa Mabanga, karibu na mji wa Bungoma, aliyeleta redio yake kutengenezwa akakaa kibandani mpaka jioni, na baada ya hapo Baba hakuwa na rafiki mwingine wa kumzidi. Alipasua mianzi ya mlimani ikawa vijiti vyembamba kama njiti, akaviunganisha kwa gundi, akavivika kitambaa chepesi alichokipaka vanishi. Magurudumu aliyakata kwenye soli ya slipas za mkewe. Nilikuwa napenda kuitazama mikono yake ikifanya kazi. Vidole vyake vilipapasa mti kama mtu anayetafuta mapigo ya moyo.

"Hii italuka," alisema alipomaliza, na mimi na Wanja tukaicheka lafudhi yake mpaka tukashika matumbo, naye akacheka pamoja nasi. Tangu siku hiyo hata Baba alisema italuka.

Tulirusha Jumapili baada ya kanisa, mara moja moja, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa. Lakini kurusha kwenyewe kulikuwa dakika chache. Kilichokula mchana ni matayarisho, na humo kila mmoja alikuwa na kazi yake. Baba alianza na betri. Aliigusisha kibalbu cha tochi, na kisipowaka cheupe kabisa, hatuendi. Anko Wekesa aligonga mabawa kwa kifundo cha kidole akisikiliza kama kuna mwanzi ulioachana, halafu akahesabu mipira iliyoyafunga mabawa mwilini, mipira minane aliyoikata kwenye tyubu ya baiskeli. Baba aliinua ndege kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, kuona kama imetulia au inaangukia mkia. Kisha zamu ya Wanja. Alipiga magoti nyuma ya mkia, Baba akisogeza kijiti cha rimoti na kuita, "Kushoto!" naye Wanja akijibu "Kushoto!" pale tu anapoona mkia umekwenda kushoto kweli. Halafu kulia. Halafu juu na chini.

Mimi kazi yangu ilikuwa ya mwisho. Baba aliikunja antena yote ndani ya rimoti, akatembea hatua sitini huku akihesabu kwa sauti. Mimi nilibaki nimeishika ndege, macho kwenye mkia. Akiwa kule mbali alisogeza rimoti, na kama mkia umemtii bila kusita wala kutetemeka, niliinua mkono. Kama redio iliyo ndani ya ndege inasikia kutoka hatua sitini na antena imekunjwa, alitueleza, basi antena ikinyooshwa itasikia kutoka mbali zaidi, hata juu angani. Ikitetemeka hapo chini, juu itakuwa kiziwi. Baada ya hapo watu wote walihamia nyuma yake, Anko akarusha nyasi hewani kuona upepo, ndipo injini ilipowashwa na propela ikaanza kuzunguka.

"Ukiona kitu, hata kidogo, sema," Baba alituambia kila mara. "Tutarudi nyumbani tunywe chai. Hakuna aibu."

Na alimaanisha. Mara mbili Wanja alisema mkia umesita, na mara zote mbili tulifungasha tukaenda zetu, Baba akipiga mluzi njia nzima, kana kwamba tumetoka harusini.

Kopo la mwisho tulilipeleka Mabanga. Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi. Anko Wekesa alikuwa amewaambia watu wa kwao kuhusu ndege yetu mpaka wakamwita mwongo, kwa hiyo alimwomba Baba: safari ya mwisho ipaie kwake, waione. Tulichinjiwa kuku. Tulikula ugali wa wimbi. Watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja na nguo zao za Jumapili, akina mama wakaleta viti. Nami nilikuwa nimekwisha kuwaambia wasichana wa pale kwamba ndege hainyanyuki mpaka mimi niinue mkono. Mmoja, mrefu kunizidi, aliniambia, "Wewe unadanganya bana."

Kibalbu kikawaka cheupe. Mabawa yakagongwa. Wanja akajibu kushoto na kulia. Baba akatembea hatua zake sitini, akageuka.

Mkia ulikwenda kushoto. Ulikwenda kulia. Uliporudi katikati, ulitetemeka.

Mtetemo wenyewe haukuzidi muda wa kupepesa jicho. Niliuona. Nimejiuliza miaka yote hii kama labda ulikuwa upepo, au mikono yangu, na kila mara jibu ni lile lile: niliuona. Nyuma yangu wasichana walikuwa wakinitazama. Nilifikiria chai, na kufungasha, na yule mrefu atakavyosema. Niliinua mkono.

Iliruka vizuri. Hilo nalo ni lazima niliseme. Ilipanda juu ya miti, ikazunguka mara moja, watu wakapiga vigelegele, mzee mmoja akavua kofia. Kwenye mzunguko wa pili niliona bega la Baba likikakamaa. Alikuwa anasukuma rimoti, na ndege haikuwa inamsikiliza tena. Ilijigeuza yenyewe ikaja upande wetu, ikishuka, na mlio wa injini ukizidi kuwa mwembamba.

"Laleni chini!" Baba alipiga kelele. Watu wazima walilala. Watoto walisimama wakiitazama, kama watoto. Anko Wekesa alikimbia akaingia kati yao na ndege, akaukinga uso wake kwa mkono wa kulia.

Nakumbuka leso ya Mama ikifungwa mkononi mwa Anko ikawa nyekundu, ikafungwa tena. Nakumbuka pikapu iliyokuwa na kabichi ikampeleka hospitalini Bungoma, Baba amekaa nyuma juu ya kabichi, amemshikilia. Hakuna mtoto aliyeguswa. Anko alishonwa, lakini propela ilikuwa imekata mishipa ya vidole viwili, na vidole hivyo havikukunjika tena. Hakuweza kushika randa wala patasi. Useremala wake uliishia siku hiyo, akarudi kwenye jembe.

Kesho yake Baba aliifungua ndege juu ya meza ya kula. Alikuta pale alipolehemu waya wa antena ya ndege pameachana, ufa mwembamba kama unywele. Aliniita.

"Njoki, nilipokuwa kule mbali, mkia ulisogea vizuri?"

"Ndiyo, Baba."

"Haukutetemeka?"

"Haukutetemeka."

Aliuangalia ule waya. "Basi ni mimi," alisema. "Nililehemu vibaya na nikashindwa kujua." Akaweka kila kitu sandukuni, akalifunga, na sikumwona akilifungua tena.

Mwanzoni alikwenda Mabanga kila mwezi. Mara moja nilifuatana naye. Anko Wekesa, kwa sababu si adabu kumsalimia mtu kwa mkono wa kushoto, alimpa wa kulia, na Baba akalazimika kuvishika vile vidole vilivyokaa kama vijiti. Alisalimia haraka. Alikaa akiuangalia mlango. Anko alipiga hadithi, akacheka, akamuuliza habari za kibanda, na Baba alijibu neno moja moja. Baadaye akaanza kusema kazi ni nyingi. Baadaye hakusema kitu, hakwenda tu.

Anko alikuja Kitale mara mbili. Mara ya pili nilikuwa jikoni. Baba alimwona kupitia dirisha akishuka njiani na mkungu wa ndizi begani, akamwambia Mama, "Mwambie nimesafiri nimeenda Suam." Akaingia chumbani. Mama alikwenda mlangoni akasema hivyo. Anko Wekesa alizitazama gumbuti za Baba zilizokuwa pale barazani, bado zina tope bichi. Akatua ndizi chini polepole.

"Akirudi, mwambie nimemsalimia," alisema.

Hakuja tena. Nami nilikuwa na neno moja ambalo lingemtoa Baba mle chumbani, na sikulisema. Nilisubiri nikue kidogo. Nikasubiri nimalize shule. Nikaolewa, nikahamia Bungoma kufundisha, nikapita njia ya Mabanga mara nyingi nikigeuza uso upande wa pili.

Tulimzika Baba mwaka jana. Watu wakiwa wanakula, nilimwona mzee mmoja amekaa peke yake pembeni mwa hema, sahani magotini, anakula kwa kijiko kwa mkono wa kushoto. Nilimsogelea, nikachuchumaa mbele yake kama mtoto, ingawa magoti yangu hayana tena afya ya kuchuchumaa. Nikamwambia yote. Mkia, wasichana, mkono. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno hayo kwa miaka zaidi ya thelathini, na yalichukua dakika mbili.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Ati uliona?" aliuliza.

"Niliona, Mzee."

Aliweka kijiko chini. Akautazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, kama mtu anayeangalia kitu cha jirani.

"Huu mkono mimi niliuzoea kabla mwaka haujaisha," alisema. "Ukilima, unazoea. Babako ndiye hakuuzoea. Mimi nilikuwa nataka rafiki yangu tu, Njoki. Nilikuja hapa mara mbili."

"Najua."

"Si mimi ungeniambia," alisema, na sauti yake haikuwa kali hata kidogo. "Ni yeye."

Halafu aliniomba nimsaidie kuinuka, akaenda kusimama kaburini. Alikaa pale muda mrefu. Sikumfuata.

Mwezi uliopita tulikuwa na harusi ya ukoo Kitale. Mtoto wa Wanja, Brayo, kijana mwenye ndevu na maneno mengi, ndiye aliyekuja kupiga picha za juu kwa droni. Aliitoa kwenye begi kama mtu anayetoa sandwichi. Hakugonga bawa, hakutembea hatua hata moja. Alibonyeza kitufe, akangoja, akasonya.

"Imekataa. Ati signal iko chini. Hii kitu hujicheki yenyewe, Aunty. Kama haiko poa, hairuki, hata uilazimishe aje."

"Haiwezi kudanganywa?" nilimuuliza.

Alicheka. "Nani aidanganye? Si ni mashine."

Nami nilimcheka kidogo, maana vijana hawa hawajui hata kungoja. Dakika mbili tu alikuwa ameshaanza kuitukana. Kisha nilisogea kando, nikasimama nikitazama lile shamba tulikorushia ndege, ambalo zamani lilikuwa na mabua ya mahindi na sasa lina nyumba za kupangisha, nguo zimeanikwa kila mahali. Watoto wa siku hizi wana ndege zinazojikagua zenyewe, na sina kinyongo nao. Enzi zetu hatukuwa na mashine ya kukataa. Kulikuwa na mkono wa mtoto tu, na mtu aliyesimama hatua sitini mbali, akauamini.